Sauti ya Mwananchi Isipotee Njiani: Kwa Nini Simu za Mtandao Katika Ofisi za Umma Hukatakata, na Nini Kifanyike

Na Mwandishi Wetu, Songea

Kadiri huduma za umma zinavyohamia katika mifumo ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA), mwananchi wa Kata ya Mfaranyaki, katika Manispaa ya Songea, anazidi kukutana na Serikali yake kwa sikio kabla ya kukutana nayo kwa macho. Shahidi anaweza kutoa ushahidi mahakamani akiwa mkoa mwingine. Daktari wa hospitali ya mkoa anaweza kushauriana na bingwa aliyeko Dar es Salaam. Mkuu wa idara anaweza kuhudhuria kikao cha Dodoma bila kupanda basi. Katika yote hayo kinachotangulia kusafiri ni sauti, na sauti ikikatika huduma nayo imekatika, hata kama taa zote za mitambo zinawaka kijani.

Tatizo linalozungumzwa hapa ni la aina yake. Simu iliyokufa kabisa hutengenezwa, kwa kuwa kila mtu anaiona imekufa. Simu inayosikika vizuri asubuhi, ikakatakata saa sita mchana na kupona yenyewe kabla fundi hajafika, ndiyo inayodumu na ugonjwa wake kwa miezi na hata miaka. Mtumiaji huzoea kusema "mtandao unasumbua", fundi hufika na kukuta kila kitu kizima, na shauri huishia hapo. Makala haya yanachambua asili ya hitilafu hiyo ya kuja na kuondoka, yanaeleza kwa nini uchunguzi wake uanzie ndani ya jengo lenyewe kabla ya kulaumu umbali wa Songea na makao makuu ya nchi, na yanapendekeza utaratibu ambao ofisi yoyote inaweza kuufuata.

Silabi moja inapobeba uamuzi

Mwaka 2021 Bunge lilifanya marekebisho ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini. Mwaka huohuo zilitungwa kanuni zinazoruhusu mashauri kusikilizwa kwa njia ya mtandao na mwenendo wake kurekodiwa kielektroniki. Hatua hizo mbili zimemsogezea mwananchi haki yake. Lakini zinapokutana katika chumba chenye sauti inayokatakata, zinaibua jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini.

Kiswahili hubeba ukanushi mwanzoni mwa kitenzi. "Watalipa" na "hawatalipa" hutofautiana kwa silabi moja, nayo ni ile ya kwanza. Silabi hiyo ikipotea njiani, msikilizaji hapokei neno lililovunjika bali neno zima, lenye maana kamili, na lililo kinyume cha kile kilichosemwa. Katika wakati uliopita sikio huwa na kinga kidogo: "hawakulipa" likikatwa kichwa hubaki "wakulipa", neno lisilokaa vizuri, na msikilizaji huomba lirudiwe. Katika wakati ujao kinga hiyo haipo. "Alisema hatarudi" na "alisema atarudi" ni sentensi mbili safi, na kinachozitenganisha ni pumzi ya herufi h, sauti fupi inayoweza kumezwa na pengo dogo ambalo hakuna aliyelitambua.

Mtu anaweza kudhani huo ni mchezo wa maneno. Hata hivyo, ahadi ya kulipa matunzo ya mtoto, makubaliano ya mauziano ya kiwanja, au maelekezo ya daktari kuhusu dawa ambayo mgonjwa atatumia au hatatumia, yote husemwa kwa wakati ujao. Ndiyo sababu ubora wa sauti katika huduma za umma si suala la starehe ya msikilizaji. Ni suala la usahihi wa kumbukumbu ambayo uamuzi utajengwa juu yake.

Sauti husafiri vipi

Katika simu za zamani, mazungumzo yalipewa njia yake ya shaba tangu yanapoanza hadi yanapokwisha. Hakuna mwingine aliyeweza kuipita njia hiyo. Simu za mtandao hufanya kazi tofauti. Sauti hupimwa mara nyingi kwa sekunde, ikageuzwa kuwa tarakimu, ikakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti ikatumwa peke yake katika barabara inayotumiwa pia na barua pepe, picha za kamera za ulinzi, mafaili na video.

Kanuni ya msingi ya kugeuza sauti ya simu kuwa tarakimu, ijulikanayo kama G.711, ilipitishwa mwaka 1972 na bado inatumika. Hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na hivyo kuzalisha biti 64,000 kila sekunde. Kwa kawaida pakiti moja hubeba milisekunde 20 za sauti, maana yake kila upande wa mazungumzo hutuma pakiti 50 kwa sekunde, au 3,000 kwa dakika. Ukijumlisha na maandishi ya anwani yanayofungwa juu ya kila pakiti, simu moja huhitaji takribani kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Simu kumi zikipigwa kwa wakati mmoja hazifikishi megabiti moja.

Hesabu hiyo ina funzo la kwanza kwa mwenye dhamana ya bajeti. Sauti haihitaji njia pana. Inahitaji njia tulivu. Faili likichelewa nusu sekunde hakuna anayejali, kwa kuwa kompyuta husubiri na kuomba kipande kilichopotea kitumwe upya. Sauti haina subira hiyo. Pakiti ya sauti iliyochelewa kupita kiasi haina tofauti na iliyopotea, kwa sababu neno lake limekwisha kupita.

Wataalamu hupima mambo matatu. La kwanza ni kuchelewa: Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), katika pendekezo lake la G.114, unaeleza kwamba mazungumzo huenda vizuri pale sauti inapofika upande wa pili ndani ya milisekunde 150. La pili ni kuyumba kwa muda wa kuwasili, yaani pakiti moja kufika mapema na inayofuata kuchelewa. Mafundi wengi hulenga kuyumba huko kusizidi milisekunde 30. La tatu ni kupotea kwa pakiti, ambako hulengwa kubaki chini ya asilimia 1.

Hata asilimia 1 inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Katika dakika moja yenye pakiti 3,000, asilimia hiyo ni pakiti 30, sawa na sehemu sita ya kumi ya sekunde. Zikipotea moja moja kwa kutawanyika, simu huziba mapengo kwa kukisia na sikio halitambui. Zikipotea zote kwa mkupuo, neno zima limeondoka. Vipimo viwili vinaweza kusoma wastani uleule, kimoja kikawa cha mazungumzo mazuri na kingine cha mazungumzo yaliyoharibika. Ndiyo maana kipimo cha kasi ya intaneti cha nusu dakika, ambacho wengi hukitegemea, hakiwezi peke yake kuithibitisha simu kuwa nzima.

Umbali hauna hatia

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 950 kwa barabara, na ni rahisi kuamini kwamba sauti huchoka njiani. Fizikia inakataa. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata kama nyaya zingezunguka na kufikia kilomita 2,000, safari hiyo ingechukua milisekunde 10 tu, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na zile 150. Hali huwa tofauti pale sauti inapopitishwa kwenye setilaiti iliyo takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako kupanda na kushuka pekee hukaribia robo sekunde. Kwa mji uliofikiwa na nyaya za kioo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, umbali si utetezi.

Wapo wanaokumbuka tarehe 12 Mei, 2024, ambapo huduma za intaneti nchini na katika nchi jirani zilidorora baada ya hitilafu kwenye mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tukio hilo lilikuwa la kweli na lilikuwa nje ya uwezo wa ofisi yoyote ya Songea. Lakini lina somo lake. Mazungumzo kati ya Songea na Dodoma hayana sababu ya kupita baharini, isipokuwa pale mtambo unaounganisha mazungumzo hayo unapokuwa nje ya nchi, kama ilivyo kwa programu nyingi za mikutano. Taasisi inayochagua mfumo wa sauti inachagua pia barabara ambayo sauti itapita. Mfumo ulio katika kituo cha data cha ndani ya nchi hubakiza sauti ya nyumbani nyumbani.

Aidha, uwekezaji wa miaka ya karibuni umepunguza visingizio. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli. Mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini nchini kote. Njia kuu imejengwa na inaendelea kujengwa. Swali linalobaki ni hali ya kipande kifupi cha mwisho, kile kinachoingia ofisini.

Mchawi wa ndani

Tuchukue mfano wa ofisi ya kawaida katika Kata ya Mfaranyaki, yenye simu kadhaa za mezani za mtandao, kompyuta, kamera za ulinzi na ruta moja. Mambo manne ndani ya jengo hilo yanatosha kukatakata sauti bila njia kuu kuhusika.

Jambo la kwanza ni foleni mlangoni. Tuseme njia ya kutoka ina uwezo wa megabiti mbili kwa sekunde. Faili likianza kupandishwa, au kamera zikituma picha zake, pakiti kubwa za baiti 1,500 hujipanga mlangoni, na kila moja huchukua milisekunde 6 kupita. Zikiwa 50 mbele ya pakiti ya sauti, sauti husubiri milisekunde 300, mara mbili ya kiwango kilichopendekezwa. Faili likiisha, foleni huyeyuka na simu hupona. Ugonjwa wa aina hii huwa na saa zake: kuripoti takwimu mwisho wa mwezi, kunakili kumbukumbu usiku, kompyuta kujisasisha zinapowashwa asubuhi. Tiba yake ni kuipanga ruta ili pakiti za sauti zipite kwanza, kama gari la wagonjwa linavyopishwa barabarani. Kununua njia pana zaidi bila kuweka kipaumbele hicho ni kuongeza upana wa barabara na kuliacha gari la wagonjwa nyuma ya malori.

Jambo la pili ni waya. Kebo ya mtandao ya shaba haipaswi kuzidi mita 100 kutoka swichi hadi kifaa. Iliyopindwa chini ya mguu wa meza, iliyobanwa na mlango, au iliyofungwa pamoja na nyaya za umeme hupoteza pakiti pale inapoguswa au mzigo wa umeme unapoongezeka. Ndugu yake ni kutoelewana kwa vifaa viwili vilivyounganishwa: kimoja kimepangwa kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, kingine kinafanya zamu. Njia hupitisha kila kitu kazi ikiwa ndogo, na huanza kupoteza pakiti kazi inapoongezeka. Fundi anayepima ofisi ikiwa tupu jioni atakuta kila kitu salama.

Jambo la tatu ni umeme. Simu nyingi za mtandao hupokea umeme kupitia waya uleule wa mtandao kutoka kwenye swichi. Umeme ukipepesa kwa sekunde moja tu, swichi isiyo na betri ya akiba huzima na huchukua dakika moja au mbili kuamka, kisha simu zote hujisajili upya. Mwananchi aliyekuwa akizungumza husikia ukimya na kuambiwa mtandao umekatika, ilhali mtandao ulikuwepo muda wote.

Jambo la nne ni mawimbi ya hewani. Simu au kompyuta ya mkutano inayotumia Waifai hugawana anga na simu za mkononi za wahudumu na wageni, ofisi jirani na maduka ya barabarani. Katika msongamano huo pakiti hurudiwa mara kwa mara, na muda wa kuwasili huyumba. Kwa kifaa kisichohama, kama simu ya mezani au mtambo wa chumba cha mikutano, waya ndio mahali pake.

Kusoma dalili

Mganga mzuri husikiliza mgonjwa kabla ya kuandika dawa. Hitilafu ya sauti nayo huongea, na kila dalili ina ukoo wake.

Sauti inayosikika kama ya mashine, yenye kukwaruza na kumeza silabi katikati ya maneno, huelekeza kwenye kupotea kwa pakiti au kuyumba kwake. Mwangwi, yaani mtu kujisikia mwenyewe akirudia, kwa kawaida huzaliwa upande wa pili: spika ya huko inamwagia maikrofoni ya huko sauti yake, na kuchelewa kwa njia ndiko kunakoufanya usikike. Kupunguza sauti ya spika au kutumia hedifoni upande ule huutibu papo hapo.

Sauti inayosikika upande mmoja tu, huku simu ikionyesha kwamba imeunganishwa, haisababishwi na uchakavu wa waya. Simu ya mtandao hutumia njia mbili: moja ya kuitana na nyingine ya kubeba sauti. Ruta iliyo mlangoni hubadilisha anwani za ndani kuwa anwani moja ya nje, na isipopangwa vizuri huruhusu wito upite na kuizuia sauti, mithili ya mlinzi wa geti aliyepokea salamu ya mgeni na kumwacha nje. Simu inayokatika kila mara baada ya takribani nusu dakika hutoka ukoo huohuo: upande ulioitwa unasubiri uthibitisho usiofika, na baada ya sekunde 32 hukata tamaa.

Hitilafu inayofuata saa za kazi huelekeza kwenye foleni. Inayofuata mvua, ambazo Songea hunyesha takribani kuanzia Novemba hadi Aprili, huelekeza kwenye kiungo cha hewani kati ya minara au kwenye maungio yaliyoingia maji. Inayofuata simu moja hata ikihamishiwa chumba kingine imo ndani ya simu hiyo au uzi wa mkono wake.

Ipo dalili moja inayostahili uzito wa pekee katika lugha yetu, nayo ni kukatwa kwa mwanzo wa maneno baada ya kimya. Mifumo mingi ya simu ina kipengele kinachoacha kutuma pakiti mtu anaponyamaza, kwa lengo la kuokoa nafasi njiani. Mtu anapoanza kusema tena, kifaa huhitaji muda mfupi kutambua kwamba sauti imerudi, na kikipangwa vibaya humeza mwanzo wa neno la kwanza. Sasa mfikirie shahidi. Anaulizwa swali, ananyamaza kidogo akiwaza, kisha anajibu: "Hawatalipa." Kipengele kilichowekwa kuokoa kilobiti chache kinaweza kumeza silabi ileile iliyobeba jibu. Kwa njia ya kisasa ya nyaya za kioo akiba hiyo haina maana. Katika vyumba vya mashauri, vya tiba na vya kupokea simu za dharura, kipengele hicho kizimwe.

Utaratibu wa uchunguzi

Hitilafu ya kuja na kuondoka haikamatwi kwa kuivizia. Hukamatwa kwa kumbukumbu. Ofisi inashauriwa kufuata hatua zifuatazo kwa mpangilio.

Kwanza, lifunguliwe daftari la hitilafu, na wahudumu wote walitumie. Kila tukio liandikwe tarehe, saa na dakika, simu iliyohusika, upande uliopoteza sauti, namna ilivyosikika, na kilichokuwa kikiendelea ofisini wakati huo. Wiki mbili za daftari lililojazwa kwa uaminifu zinamfaa Afisa TEHAMA kuliko ziara kumi za ghafla. Neno "inasumbua" halimsaidii. Maneno "saa 8:15 mchana, tuliwasikia, hawakutusikia" yanamsaidia.

Pili, kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati. Simu yenye tatizo ihamishiwe kwenye waya wa simu nzima. Tatizo likihama na simu, kosa ni la simu. Likibaki, kosa ni la waya au tundu la swichi. Anayebadilisha simu, waya na ruta siku moja anaweza kuiponya hitilafu bila kujua ilikuwa wapi, na akanunua vifaa viwili visivyohitajika.

Tatu, vipimo vifanyike kwa saa 24 mfululizo na katika vituo vitatu: kutoka kwenye simu hadi ruta ya ofisi, kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, na kutoka kwa mtoa huduma hadi mwisho wa safari. Kipande kinachoonyesha pakiti kupotea katika dakika ileile iliyoandikwa kwenye daftari ndicho chenye jukumu. Hapo ndipo ofisi hupata haki ya kumwandikia mtoa huduma kwa ushahidi, au wajibu wa kujitengeneza yenyewe.

Nne, baada ya matengenezo daftari liendelee kujazwa kwa wiki mbili nyingine. Hitilafu iliyotoweka bila sababu kujulikana haijapona, imelala.

Wajibu wa taasisi

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) jukumu la kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Kwa upande wa watoa huduma, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) husimamia ubora wa huduma chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na Kanuni za Ubora wa Huduma za mwaka 2018. Msingi wa kisheria upo. Kinachohitaji kukazwa ni jinsi taasisi zinavyoandika mikataba yao.

Mkataba unaodai tu kwamba njia iwe hewani kwa asilimia 99.5 ya mwezi unaruhusu saa 3.6 za ukimya katika siku 30. Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba njia inayopoteza pakiti kila alasiri bado inahesabiwa kuwa hewani, na mtoa huduma hana deni lolote. Taasisi inayotegemea sauti iandike katika mkataba viwango vya kuchelewa, kuyumba na kupotea kwa pakiti, muda wa kuvipima, na nani atavipima. Vilevile, katika manunuzi, maombi ya kuongeza upana wa njia kwa sababu ya simu kukatakata yaambatanishwe na vipimo. Fedha ya umma isinunue barabara mpya pale ambapo kinachohitajika ni waya wa mita tano au mpangilio wa ruta.

Kwa vyumba vya mashauri na vya tiba, jambo moja la ziada halihitaji fedha. Kabla ya kuanza, pande zote mbili zijaribu sauti kwa sentensi kamili, na katika majibu yenye uzito anayeuliza arudie alichosikia: "Umesema hawatalipa, ni sahihi?" Marudio hayo yakiingia kwenye kumbukumbu, hakuna pakiti iliyopotea itakayokuwa na uwezo wa kugeuza maana baadaye.

Mwananchi afanye nini

Mwananchi naye ana nafasi yake. Anapotoa maelezo kwa njia ya mtandao, ajibu kwa sentensi kamili na aanze na neno linalosimama peke yake: "Hapana, hawatalipa." Maneno mawili yaliyobeba ukanushi ni vigumu kupotea yote. Asipomsikia muulizaji vizuri, ana haki ya kusema hivyo, na hapaswi kujibu kwa kukisia kwa kuogopa kuonekana msumbufu.

Anapopiga namba za dharura, 112 ya Polisi au 114 ya Zimamoto na Uokoaji, ataje mahali alipo mwanzoni, mtaa na kata, kisha arudie mara ya pili na kumwomba mpokeaji amrudishie. Simu ikikatika baada ya hapo, msaada tayari unajua pa kwenda.

Na endapo huduma ya mawasiliano anayoilipia inakatakata mara kwa mara, malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, yakiwa na tarehe na saa. Asiporidhika na majibu, hatua inayofuata ni kuyapeleka TCRA. Pale pia daftari lina nguvu kuliko hasira: lalamiko lenye tarehe, saa na dakika za matukio haliwezi kujibiwa kwa "tulipima tukakuta hakuna tatizo".

Serikali imewekeza katika mkongo, gridi na minara ili sauti ya Mfaranyaki ifike Dodoma kama ilivyotoka kinywani. Safari ya kilomita mia kadhaa huisha kwa sehemu ndogo ya sekunde na bila tatizo. Zile mita chache za mwisho, kati ya swichi na sikio la mhudumu, ziko mikononi mwa ofisi husika, na ukaguzi wake unaweza kuanza leo kwa kalamu na daftari.